Nyiragongo au Kahuzi: mlima upi uanze nao?

Binti wa dada yangu amekulia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mji uliolala tambarare, ambako mlima anaoujua ni lile lundo jeusi la masalia ya madini karibu na bomba refu la moshi. Aliponiandikia, "Mjomba, nikipata siku tatu za kuja Kivu, unipandishe Nyiragongo ama Kahuzi?" nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na nilipoukata niliona kwamba sijafika hata katikati. Huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, nimezaliwa Goma, chini ya Nyiragongo, volkano iliyo hai bado, na nimesoma Bukavu, upande wa Kahuzi; milima yote miwili nimeipanda kwa miguu yangu. Watu wa miji hii miwili hawapatani hata juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa upande gani ni watamu, sembuse mlima. Kwa hiyo nimekaa nikaandika yote, kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote mwenye swali hilo.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Nyiragongo unaupanda kwa ajili ya kile kilichoko juu. Kahuzi unaupanda kwa ajili ya njia yenyewe. Ukishajua wewe unatafuta lipi kati ya hayo, nusu ya kuchagua umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni magoti, mapafu, siku ulizo nazo, na watu utakaoongozana nao.

Kabla ya viatu

Jambo la usalama sitaki kulipita mbio. Milima yote miwili iko ndani ya mbuga za taifa: Nyiragongo uko Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, na Kahuzi uko Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970. Zote mbili ni urithi wa dunia, na zote mbili UNESCO imeziweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, Virunga tangu 1994 na Kahuzi-Biega tangu 1997. Vita viliingia Goma Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Njia ambayo mwaka mmoja wanafunzi waliipita wakiimba, mwaka mwingine haipitiki kabisa.

Basi haya ninayoyaandika ni ya kukusaidia kuchagua mlima kwa siku ambayo njia iko wazi. Siku hiyo haijulikani kwa stori za mtaani. Unauliza ofisi ya mbuga yenyewe, kisha unauliza mtu anayekaa Kibati, chini ya Nyiragongo, au Miti, kwenye njia ya Kahuzi, aliyelala pale jana usiku. Na usikubali mtu akwambie kuna njia ya panya ya kukwepa walinzi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamepoteza maisha kazini tangu mbuga ianze. Ukijiiba ukapotea, ni wao watakaotumwa kukutafuta.

Kufika chini ya mlima

Kwa upande wa Goma mambo ni karibu. Unatoka mjini kwa pikipiki au teksi, unashika barabara ya Rutshuru, na kabla saa moja haijaisha uko Kibati, kwenye kituo cha walinzi ambako kupanda kunaanzia. Ila usisinzie njiani. Ukiuacha mji nyuma utavuka mto wa mawe meusi: hiyo ni lava ya tarehe 22 Mei 2021, iliyoikata barabara hii usiku na kuja kusimama ukingoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Watu wamejenga tena juu yake, mbao juu ya jiwe. Utapishana na chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zikiteremka na kabichi kutoka Kibumba, mwenye chombo amepiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukigandamiza kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma. Ndiyo breki yake yote, na gunia mbele yake ni zito kuliko yeye.

Kwa upande wa Bukavu ni safari ya kweli. Unakwenda kaskazini kandokando ya ziwa hadi Miti, kisha unaacha lami na kupanda kuelekea Tshivanga, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini. Mvua ikiwa imenyesha, hesabu saa mbili na zaidi. Utaona mashamba ya chai, kisha ghafla msitu umekaa mbele yako kama ukuta. Anayetaka kuufika mlima Kahuzi na kushuka siku hiyohiyo anaondoka Bukavu saa kumi na moja alfajiri, au analala karibu na msitu.

Kwa ukaribu, Goma wanashinda. Hilo halina ubishi.

Njia yenyewe

Nyiragongo una mita 3,470. Kibati iko karibu na mita 2,000, kwa hiyo unapanda takriban mita 1,500 katika umbali wa kilomita 8 hivi. Watu wenye nguvu hutumia saa nne, wengi hutumia tano au sita. Saa ya kwanza ni msitu, na udongo ni laini, na kila mtu anaongea. Halafu unatoka kwenye miti unaingia kwenye lava ya mwaka 2002, na mazungumzo yanakatika.

Mawe yale ni mepesi, yana matundu, na hayatulii. Ukikanyaga, linabingirika. Ni kama kutembea juu ya makaa makubwa yaliyomwagwa mlimani, na sauti yake ni ya vigae vinavyovunjika, hatua kwa hatua, watu ishirini pamoja. Hapo ndipo unapitia karibu na ufa wa mwaka 2002. Watu wengi wanadhani siku ile moto ulimwagika kutoka juu, kama sufuria inayofurika. Sivyo. Mlima ulipasuka ubavuni, upande wa kusini, na lava ikatokea kwenye nyufa chini chini, nyingine karibu na mji. Kiongozi wetu alitusimamisha pale, akatuambia tuweke mkono juu ya tundu moja kati ya mawe. Mvuke wa moto ulitoka, wa unyevu, kama pumzi ya ng'ombe.

Baada ya hapo ubaridi unaanza, miti inakuwa mifupi na yenye ndevu za kijani, na mteremko wa mwisho unasimama wima. Mimi pale nilitaka kukaa chini nilie. Mbebaji mizigo, kijana wa Kibati aliyekuwa na begi langu na la mwenzangu kwa pamoja, akaniambia, "Mwalimu, usiangalie juu. Angalia kisigino cha aliye mbele yako." Niliangalia kisigino, kilichokuwa kimepasuka ndani ya sandali ya mpira, mpaka nikasikia watu wanapiga makofi. Tulikuwa tumefika.

Kahuzi una mita 3,308, yaani unakaribiana na Nyiragongo kwa urefu, lakini mwili wake ni mwingine kabisa. Ni volkano iliyozimika zamani sana, na msitu umeshaufunika. Unaanza juu zaidi ya mita 2,000, na kupanda ni saa tatu au nne. Hakuna jiwe linalobingirika. Kuna tope, mizizi, na mianzi.

Ile mianzi ndiyo inayonirudisha kila mara. Unaingia ndani yake kama unaingia nyumba ya mtu: mwanga unageuka kijani, sauti ya barabara inapotea, na juu ya kichwa mashina yanasuguana kwa upepo, yanalia kama mlango wa zamani. Ni humo gorila wa mbuga hii huja kula machipukizi msimu wake ukifika. Kupanda mlima na kutembelea gorila ni vitu viwili tofauti, kila kimoja na kibali chake, lakini kwenye njia ya mlima unaweza kukuta kinyesi chao, na mwanzi uliomenywa vizuri kama muwa, utomvu haujakauka. Mpisteri wetu, yule anayefuata nyayo za wanyama, aliushika, akaugusa kwa ulimi, akasema, "Wamepita asubuhi hii." Tulinyamaza wote, bila kuambiwa.

Wapisteri wengi katika msitu huu ni Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, na mtu anayepita humo anapaswa kujua kwa nini wanaujua hivyo. Walikuwa wanakaa ndani yake. Waliondolewa miaka ya 1970 mbuga ilipopanuliwa, bila ardhi nyingine ya kuwafaa, na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyosema haki zao zilivunjwa. Ukimlipa mpisteri bahashishi, mlipe vizuri, mkononi mwake.

Juu ya mianzi kuna sehemu ya majani marefu yenye maji, halafu miti ya baridi, na kipande cha mwisho ni cha kushika mizizi kwa mikono. Pale kileleni kuna mimea ambayo haipatikani sehemu nyingine duniani, mmojawapo ukibeba jina la mlima wenyewe katika kitabu cha wanasayansi: Senecio kahuzicus.

Nikilinganisha: Nyiragongo unachosha kwa mawe na kwa jua la pale katikati pasipo na kivuli. Kahuzi unachosha kwa utelezi. Aliyezoea kupanda ngazi ataumudu Nyiragongo. Aliyekulia shambani, anayejua kuweka mguu kwenye tope, ataufurahia Kahuzi. Katika kushuka, Nyiragongo unaua magoti na Kahuzi unakuangusha matakoni, na kati ya hayo mawili mimi nachagua kuanguka.

Unachokikuta juu

Nilipanda Nyiragongo mwaka 2019. Juu kulikuwa na vibanda kumi na viwili vidogo, kila kimoja cha watu wawili, vimebandikwa ukingoni kabisa. Shimo lile lina upana wa zaidi ya kilomita moja. Tulifika saa kumi jioni na tukakuta ukungu mtupu. Hukuona hata mkono wako. Tukakaa, tukala, wengine wakaingia kulala na nguo zote. Saa mbili usiku mtu akapiga kelele nje, tukatoka. Ukungu ulikuwa umefunguka, na chini kabisa, mamia ya mita, ziwa la moto lilikuwa linapumua. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, na mistari ya rangi ya chungwa ilikuwa inatembea juu yake, inakutana, inaachana. Sauti yake ilikuwa ya mawimbi ya Kivu usiku wa upepo. Hakuna aliyepiga picha kwa dakika kadhaa.

Sasa lazima niseme ukweli kwa anayekwenda kesho: ziwa lile la kwenye picha lilimwagika Mei 2021. Moto ulionekana tena chini ya shimo katika miezi iliyofuata, lakini usipande ukidhani unalipia kitu kilekile tulichokiona sisi. Unaweza kukuta mwanga, unaweza kukuta moshi tu. Shimo lenyewe, hata likiwa na moshi mtupu, linatosha kukunyamazisha. Ila kama moto ndio sababu yako pekee, uliza kwanza.

Na kuna kitu ambacho mgeni hatakiona ila mtu wa Goma anakiona. Ukisimama pale usiku na kugeuka kusini, mji wote uko chini yako, taa mpaka ziwani, chini ya kilomita 20. Mwaka 1977, Januari 10, ziwa la moto lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 2002, Januari 17, lava ilipita katikati ya Goma hadi ndani ya maji, ikala kama asilimia 13 ya mji na sehemu ya uwanja wa ndege. Nyumba ya wazazi wangu iko chini ya mawe yale. Tulikimbilia Gisenyi na godoro moja na sufuria. Kwa hiyo mimi sikupanda kutalii. Nilipanda kumwangalia jirani usoni, jirani ambaye miaka yote namwona kwa mbali akiwasha mawingu rangi nyekundu. Kwa mtu wa Goma aliyepitia hayo, Nyiragongo hauna wa kufananishwa nao, na sitampeleka kwingine.

Kahuzi hauna tamasha la namna hiyo. Kileleni kuna nafasi ndogo, na mara nyingi ukifika saa sita mchana wingu limeshakaa na unaona nyasi zenye umande tu. Nimepanda mara mbili: mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili, mwezi wa sita, wingu lilijifungua kwa robo saa. Mashariki kulikuwa na Ziwa Kivu lote na Idjwi katikati yake kama mgongo wa mnyama aliyelala. Ng'ambo, Biega, mdogo wake, mita 2,790. Na magharibi, msitu. Msitu usio na kibanda, usio na moshi, unashuka kuelekea Walikale mpaka macho yanachoka. Mtu aliyekulia Kivu kwenye milima iliyolimwa hadi kileleni hajawahi kuona nchi yake ikiwa hivyo. Robo saa ile naikumbuka vizuri kuliko usiku mzima wa Nyiragongo, na nimejaribu kuelewa kwa nini, sijafaulu.

Kichwa, kifua, baridi

Hapa ndipo tofauti kubwa iko, na wengi hawaiwazi. Nyiragongo ni siku mbili na usiku mmoja: unalala kwenye mita 3,470. Kahuzi unaugusa unashuka. Kwa kichwa cha mtu aliyetoka Lubumbashi, yenye mita 1,200 na ushei, kulala juu namna ile ni jambo zito kuliko kupita. Katika kundi letu la 2019 kijana mwenye nguvu kuliko wote, mcheza mpira, ndiye aliyetapika usiku kucha. Hakuwa amelegea. Alipanda haraka mno, akafika wa kwanza, akakaa kwenye baridi na shati lililolowa jasho akitungoja sisi.

Halafu kuna hewa. Nyiragongo unatoa gesi ya salfa, na upepo ukigeukia vibandani inakaba koo. Mwenye pumu asipande Nyiragongo. Nasema hivyo bila kuongeza "labda". Kahuzi hauna tatizo hilo. Mwenye presha aulize daktari kwa milima yote miwili.

Baridi ya Nyiragongo usiku inakaribia sifuri, na upepo haulali. Sweta mbili, koti la mvua, kofia ya sufu, soksi kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka saa ya kulala. Kahuzi utataka koti la mvua na bote za mpira, zile za wakulima. Nimeona watu wenye viatu vya dola mia wakiteleza nyuma ya mpisteri mwenye bote, yeye akitembea kama yuko sebuleni. Kwenye mawe ya Nyiragongo bote hazifai: chukua kiatu kigumu kinachoshika kifundo cha mguu.

Maji beba mwenyewe, lita tatu kwa Nyiragongo, mbili kwa Kahuzi. Chakula: mkate na fromaji (jibini) ya Masisi, ndizi, karanga, chai ya tangawizi kwenye termosi. Bugali (ugali) na sombe, majani ya muhogo, viwangoje nyumbani.

Kuhusu pesa sitasema mengi kwa sababu bei zinabadilika: mkaaji wa hapa halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Nyiragongo ni ghali zaidi kwa vyovyote, kwa kuwa kuna kulala, kuna mbebaji, kuna mablanketi. Mbebaji usimwone kama anasa. Ndiye aliyenifikisha.

Msimu

Wote watakwambia Juni hadi Agosti, kiangazi, na kwa miguu ni kweli: njia inakauka. Kwa macho siyo kweli kabisa. Ikifika mwisho wa Julai vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa vinaning'inia hewani, na ziwa unaliona kama kupitia chandarua. Mimi napenda mwanzo wa Juni, mvua zikiwa zimeondoka karibuni na hewa bado imeoshwa. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari pia kinafaa. Ukienda wakati wa mvua, nenda Kahuzi alfajiri sana. Mvua ya hapa kwetu hupenda kuja mchana. Nyiragongo wakati wa mvua, na radi juu ya mwamba ule usio na mti, sikushauri.

Bugulumiza, kwa wenye watoto na wazee

Swali la "Nyiragongo au Kahuzi" mara nyingi linaulizwa na kijana mmoja mwenye nguvu, na siku ya safari anafika na familia nzima. Basi kuna Bugulumiza. Ni mlima ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, kama mita 2,600, na unaupanda kutoka upande wa Tshivanga kwa mwendo wa kuongea. Kutoka juu yake unaona Kahuzi na Biega wote wawili, kitu ambacho aliyesimama juu ya Kahuzi hawezi kukiona. Nimempandisha shangazi mwenye miaka zaidi ya sitini, na kitenge chake, na fimbo. Alipumzika mara nne. Kileleni alikaa, akauangalia msitu, akasema, "Kumbe tulikuwa na hiki chote nyuma ya soko."

Kurudi, kama jua bado liko juu, pitia Lwiro: kuna kituo cha utafiti kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, na kituo kinacholea sokwe waliookolewa mikononi mwa wawindaji. Watoto wataikumbuka siku hiyo.

Upande wa Goma hauna kitu cha kati kama Bugulumiza, na kwangu huo ndio upungufu wake mkubwa. Ni ama uende mpaka juu, ama ubaki chini. Kwa wanaobaki chini kuna Mont Goma, kilima cha katikati ya mji karibu na bandari, na kuna Lac Vert, upande wa Mugunga, ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Ukipanda ukingo wake jioni unaona Kivu upande mmoja na Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira, volkano nyingine, upande wa pili, na ni karibu bure.

Ila kule upande wa magharibi wa mji kuna mazuku, na wageni hawaijui. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya mabondeni kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Haina rangi, haina harufu ya kukuonya. Mbuzi anainamisha kichwa kula nyasi, haamki. Ukikuta kibonde chenye wadudu au ndege waliokufa, usishuke, na usimruhusu mtoto kukimbilia mpira humo. Pumzikia juu, kamwe si ndani ya shimo, na asubuhi ngoja jua lipande na upepo uanze.

Kwa wa Bukavu wasio na nafasi ya msitu, kuna mteremko wa Ngomo, kwenye barabara ya Kamanyola baada ya Nyangezi, ambako milima inakatika na bonde la Ruzizi linafunguka chini yako, joto lake linakupanda usoni. Mandhari ni makubwa mno. Lakini unasimama kando ya barabara nyembamba yenye malori, na mimi sipendi kumweka mtoto pale.

Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa, ningeiandikia ukurasa wake. Unakwenda kwa mtumbwi wa injini, unapanda vilima vyake kati ya mashamba ya mananasi, hakuna kibali cha mbuga, na jioni mtu anakukaribisha kasiksi, pombe ya ndizi. Kwa anayetaka kutembea kwa amani bila kujaribiwa na mlima, ni bora kuliko vyote nilivyotaja.

Nilichomwambia

Nilimwambia binti yetu: Kahuzi kwanza. Una siku tatu, hujawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofa, na kichwa chako kimezoea chini. Ukiteleza Kahuzi utachafuka. Ukichoka Nyiragongo uko katikati ya mawe, na usiku unakuja, na kibanda kiko juu, hakiko chini. Nyiragongo unaupanda mara ya pili, ukija na siku tano, ukiwa umeshajua mapafu yako yanasemaje kwenye mita 3,300.

Lakini kama angekuwa mtoto wa Goma, aliyekimbia 2021 na bunda la nguo kichwani kuelekea Sake, ningemjibu tofauti. Ningemwambia angoje, afanye mazoezi miezi mitatu, njia ikifunguliwa apande Nyiragongo, na ningeongozana naye.

Akanijibu: "Mjomba, mama naye anataka kuja. Na unajua magoti yake."

Basi siku ya kwanza tunakwenda Bugulumiza, watatu, polepole. Siku ya pili dada yangu anabaki Bukavu kwa jamaa, mimi na binti tunaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kahuzi. Nimeshamwambia alete sweta mbili. Bote nitamwazimia huku, anavaa namba 39.